Mwalimu Ulamila na Utani wa Mikono

Mpwa wangu Ulamila ni mwalimu wa darasa la nne hapa Vunidilo, na akili yote aliyo nayo aliichukua upande wa mama yake, yaani upande wangu. Upande wa baba yake kuna watu wazuri, warefu, wenye meno ya kupendeza, lakini ukimwuliza mmoja wao njia ya kwenda mtoni atakusindikiza mpaka mpotee wote wawili. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Wapo wanaosema nilifukuzwa. Ukweli ni kwamba shule iliishiwa vitu vya kunifundisha, tukaachana kwa amani.

Sasa huyu Ulamila, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu, ana haki ya kuingia nyumbani kwangu na kuchukua anachotaka, nami sina haki hata ya kukunja uso. Ndivyo tulivyo sisi Wafiji, mjomba ni ghala la mpwa. Wapwa wenye huruma huchukua kuku wakati wa Krismasi wakaridhika. Huyu, tangu apangiwe shule ya hapa, amechukua mkeka wangu mpana wa sebuleni ili watoto wake wakalie wakisoma, amechukua mbao nilizoziweka za kutengenezea mlango, na siku moja nikarudi kutoka shambani kwangu kwenye magimbi nikamkuta anatoka na kioo changu cha kunyolea.

"Kioo cha nini tena, mama?"

"Cha darasani, Mjomba. Nina mtoto nataka aone midomo inavyokwenda."

"Na mimi nitanyoaje?"

"Kwani kuna cha kunyoa? Hivyo vinyweleo si ukipuliza tu vinadondoka?"

Mnamwona? Hiyo ni heshima kamili. Angenijibu kwa upole ningedhani ananikasirikia.

Mtoto aliyekuwa anatafutiwa kioo aliitwa Unaisi. Alikuja na meli ya mizigo kutoka Suva pamoja na mama yake, Litiana. Litiana ni binti wa hapa hapa, tulikua naye, aliolewa mjini akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kushona nguo. Mumewe alipofariki, mji ukamshinda, akarudi kwa kaka yake. Unaisi alikuwa na miaka tisa hivi, mwembamba, nywele zimesimama kama anashangaa kitu, na hasikii. Hasikii kabisa. Ukidondosha sufuria nyuma yake hageuki.

Kijiji kizima tukamwita bubu. Kumbe hakuwa bubu hata kidogo. Mjini alikuwa amesoma shule ya watoto wasiosikia, wanaozungumza kwa mikono, na kwa mikono alikuwa msemaji kuliko mimi, jambo ambalo sikulitegemea kwa binadamu yeyote. Lakini hapa kwetu aliyejua mikono hiyo alikuwa mama yake peke yake. Sisi wengine tulimwona anapunga, tukatabasamu, tukampungia na sisi kama watu wanaoaga meli.

Ulamila akampokea darasani kwa moyo wote. Alimkalisha mbele, upande wa dirishani, mwanga usimpige machoni. Akaacha tabia ya kuzungumza akiwa ameupa ubao uso na watoto kisogo. Kila neno jipya alilichora. Alipata kitabu kidogo chenye picha za mikono akawa anajifunza jioni, mezani kwangu, akila mihogo yangu. Watoto nao aliwaagiza: msimwache nyuma, mguseni begani kabla ya kumwambia kitu, mpeni nafasi. Wakampa. Wakampa mpaka ikazidi. Unaisi akifika bombani, foleni inafunguka. Akitaka mpira, mpira analetewa mkononi. Walimbebea mkoba, walimfutia sehemu ya kukaa, na wakiwa karibu naye walishusha sauti, mtoto ambaye hasikii, wanamshushia sauti! Yaani walimheshimu kama tunavyoheshimu maiti iliyolazwa sebuleni.

Ulamila mwanzoni alijisifu. "Umeona darasa langu lilivyo na adabu, Mjomba?"

"Ya kwangu hiyo. Umeirithi."

Lakini siku moja alirudi bila majisifu. Aliniambia alikaa barazani wakati wa chakula cha mchana akawatazama watoto. Kila mmoja alikuwa anatukanwa. Huyu anaambiwa kichwa chake kama nazi iliyoangukia jiwe, yule ananyang'anywa samaki wake na binamu yake anayedai samaki wote wa ukoo ule ni haramu wasipoonjwa naye kwanza. Kelele, vicheko, mihogo inaruka. Katikati ameketi Unaisi, muhogo wake mzima uko kwenye jani, hakuna aliyeugusa, anawatazama midomo.

"Hakuna anayemtania," Ulamila akasema. "Hata mmoja."

Sasa nyinyi mnaojua utani hamhitaji kuelezwa. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, hiyo haina mjadala. Wakikutana kimya kimya, watu wanauliza kuna ugomvi gani. Na huyu Unaisi alikuwa na mtani wake wa damu mle mle darasani: Jeremaia, mtoto wa kaka yake Litiana, mdomo unaokijaza kijiji. Jeremaia aliwahi kumwambia mchungaji, ambaye ni mtani wa baba yake, kwamba mahubiri yake ni marefu kwa sababu mkewe hamruhusu kuzungumza nyumbani. Mtoto wa namna hiyo, binamu yake halisi amekaa hapo mbele, na hajawahi kumtupia hata neno.

Kesho yake nilipita shuleni kuangalia mkeka wangu unaendeleaje, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe dirishani.

"Jeremaia. Unaisi ni nani kwako?"

"Mtoto wa shangazi, Madam."

"Mtoto wa shangazi ni nani?"

"Ni mtani."

"Mbona sijawahi kukusikia ukimtania? Umeugua koo?"

Darasa likacheka. Jeremaia akajikuna. "Madam, ni dhambi. Mama amesema tumwonee huruma."

"Huruma mpe mbwa aliyevunjika mguu. Huyu ni binamu yako. Unamnyima haki yake."

Alikuwa na nia njema, na neno lenyewe lilikuwa la kweli. Ila alilitupa tu kama mtu anayerusha mbegu bila kulima. Mimi pale dirishani nilipiga makofi, kwa hiyo na mimi mnihesabu.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula, Jeremaia akasimama mbele ya Unaisi. Alikuwa amejiandaa, akina fulani na fulani wamemzunguka wanasubiri. Akatoa macho, akavuta mashavu ndani, akaanza kufungua na kufumba mdomo bila sauti, pwa, pwa, pwa, kama samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Kisha akapunga mikono ovyo kama mapezi. Darasa zima likaanguka kicheko.

Unaisi aliwatazama, uso mmoja baada ya mwingine. Halafu akaweka chini muhogo wake na kuinua mikono. Akamjibu. Ulamila aliyekuwa mlangoni anasema mikono ile ilikwenda mbio, ikazunguka, ikapinda, na uso wa mtoto ulikuwa umechangamka kuliko alivyowahi kumwona. Ilikuwa hotuba, bwana. Na watoto, kwa kuwa hawakuelewa, wakadhani anaendelea na mchezo wa mapezi, wakacheka zaidi. Mmoja akaanza kumwigiza. Ulamila mwenyewe, pamoja na kitabu chake cha picha, hakudaka hata neno.

Unaisi akaona kwamba hakuna aliyemwelewa. Mikono ikashuka. Akachukua mkoba wake, siku hiyo hakumngoja mtu ambebee, akaondoka kwa njia ya ufukweni, maji yamekupwa, na nyayo zake zikabaki kwenye matope watoto wakizitazama.

Litiana alikuja shuleni jioni hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali, maana kelele sisi tunaijua dawa yake.

"Madam, asante kwa yote. Unaisi atakaa na mimi nyumbani. Nitamfundisha kusuka mikeka."

"Dada Litiana, mtoto ana akili. Hesabu anawashinda wote. Nipe nafasi."

"Najua ana akili, nilimzaa." Litiana alikuwa anakunja na kukunjua kona ya sulu yake, ile shuka tunayofunga kiunoni. "Mjini alikuwa na watu wa kuongea nao. Hapa mkampa watu wa kumpisha njia. Nikasema haya, ndiyo kwetu. Leo mmempa watu wa kumcheka. Bora abaki na mimi, angalau sisi wawili tunasikilizana."

Akaenda zake.

Ulamila alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai yangu ya majani ya mlimao kikombe cha kwanza na cha pili bila kunitukana. Nikaogopa.

"Jamani, mpwa wangu, hata pua yangu huisemi leo?"

"Mjomba, nimeharibu."

"Jeremaia ndiye kaharibu."

"Jeremaia kafanya nilichomwambia." Akajifuta macho kwa kiganja. "Unakumbuka nilipoletwa hapa mdogo, mama alipokuwa anaumwa?"

Nakumbuka sana. Alikuja akizungumza lahaja ya kisiwa cha baba yake, ambayo kwetu inasikika kama mtu anatafuna maneno kabla ya kuyatema. Akiomba maji, watoto wanashika mbavu. Akawa haombi maji. Mtoto alikuwa anakaa na kiu ili asichekwe.

"Waisake wako alinicheka kuliko wote," akasema. Waisake ni mwanangu wa kwanza. "Alinifuata kila mahali akitamka 'maji' kama mimi. Lakini siku moja nilimgeukia nikamwambia mdomo wake mkubwa, ndiyo maana unahitaji maji mengi. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa hapa."

"Ulimpasua, nakumbuka. Nilikufundisha mimi."

Alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywewi wala hakiwekwi chini.

"Alinielewa, Mjomba. Nilipomjibu, alinielewa. Leo Unaisi kajibu. Nimemwona kwa macho yangu, kajibu jibu refu. Darasa zima halina hata mtu mmoja wa kulipokea. Mimi niliwapa watoto ruhusa ya kumrushia, sikuwafundisha kudaka."

Akaweka kikombe. Nikaona shingo yake imesimama, nikajua kuna kitu changu kinaondoka.

"Ule mzizi wa kava uliokausha darini, mkubwa."

"Huo ni wa harusi ya Waisake!"

"Waisake hana hata mchumba. Nauchukua. Na wewe unakuja kunisemea."

Kwetu ukimkosea mtu kwa kweli, humwendei mikono mitupu ukamwambia pole barabarani. Unakwenda nyumbani kwake na mzizi wa kava, ule tunaousaga tukaunywa kwenye shughuli za heshima, unaketi chini karibu na mlango, chini kabisa kuliko mwenye nyumba, na msemaji wako anautoa mzizi kwa maneno. Wenye nyumba wakiupokea, kosa limezikwa. Wasipoupokea, unarudi nao, na kijiji chote kitakuona unaurudisha. Sasa mwalimu kumpelekea kava mtoto wa darasa la nne, hilo halijawahi kutokea Vunidilo. Kuna wazee walioguna. Lakini msemaji ni mimi, na kwa kazi hiyo, niseme ukweli bila kujisifu, visiwa hivi havina mwingine.

Tukaenda Jumamosi, sisi wawili na Jeremaia katikati, ameoga, amepakwa mafuta ya nazi mpaka anang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hana la kusema. Baba yake Jeremaia, yaani kaka yake Litiana na mwenye nyumba ile, alikuwa shambani; nadhani alikimbia aibu. Litiana akatukaribisha mwenyewe. Unaisi alikuwa kwenye kona anatenganisha majani ya ukindu. Alitutazama, akarudi kwenye majani yake.

Nikaketi, nikapiga viganja, nikaanza. Jamani, nilisema! Nilianza na mababu wa ukoo wa Litiana, nikapita kwa marehemu mumewe, nikaitaja bahari iliyomleta na nchi iliyompokea, nikamshusha Ulamila mpaka akawa mavumbi, nikamshusha Jeremaia chini ya mavumbi. Mahali fulani sauti yangu mwenyewe ilinitoa machozi. Nilipomaliza, hata jogoo wa nje alikuwa amenyamaza.

Litiana akanigeukia. "Maneno mazuri sana, Kaka Setareki."

"Asante, dada yangu."

"Mimi nimeyasikia." Akaelekeza kidevu kwenye kona. "Aliyekosewa ni nani?"

Nikageuka. Unaisi alikuwa anatenganisha majani.

"Basi mwambieni yeye."

Hapo, ndugu zangu, mimi Setareki niliyesema mbele ya machifu, niliyewahi kumsemea bwana harusi aliyekimbia akasamehewa na wakwe, nilifungua mdomo na mdomo ukawa hauna kazi. Pwa, pwa, pwa. Kweli kabisa. Nilikuwa mimi sasa ndiye samaki ndani ya mtumbwi.

Ulamila akasogea kwa magoti mpaka mbele ya mtoto. Akamgusa bega. Unaisi akainua macho. Ulamila akavuta pumzi, akaweka ngumi kifuani akaisugua, tena na tena, uso umejaa majuto.

Unaisi akamtazama. Akakunja paji la uso. Akamtazama mama yake, kisha akazungusha mikono kidogo tu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Litiana alikuwa amebana midomo. "Anauliza kama Madam ataoga na nguo zake."

"Ataoga?"

"Alichosema Madam ni 'naoga'."

Ulamila akashtuka, akajaribu tena, safari hii kwa ngumi zote mbili, kwa nguvu, machozi yakimtiririka. Unaisi akarudi nyuma kama anayekwepa kurushiwa maji. Mikono yake ikaenda haraka, na jicho moja limejificha kwenye tabasamu.

"Anasema," Litiana sauti ikaanza kumtoka vibaya, "anasema, Madam, bahari iko nyuma ya nyumba. Hapa ni sebuleni."

Mpwa wangu huyu, aliyekuja kuomba msamaha kwa mzizi wa harusi ya mwanangu, hakufikiri hata kidogo. Alimwonyesha Unaisi kidole, akajibana pua, kisha akaelekeza baharini: wewe ndiye unayehitaji kuoga, tangulia. Kwa hilo hakuhitaji kitabu.

Unaisi akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku hiyo, na sijui kwa nini nilidhani hakina sauti. Kina sauti, tena kubwa, kinapanda kama mtu anayekwea ngazi mbio. Mama yake akaficha uso kwenye kona ya sulu, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Ulamila hakuacha hapo. Alimwomba Litiana amwonyeshe mkono sahihi wa "nisamehe". Akaonyeshwa. Akaurudia polepole, mara moja, vizuri. Unaisi akaitikia kwa kichwa, bila kucheka.

Ndipo Jeremaia akapata sauti. "Shangazi, muulize. Siku ile aliniambia nini?"

Litiana akauliza kwa mikono. Unaisi akamwangalia Jeremaia kwanza, kama mtu anayepima kama nguo itamtosha, kisha akairudia ile hotuba yake.

"Anasema alikuambia hivi. Samaki wa aina yako anawajua sana tangu mjini. Wana mdomo mkubwa, ubongo hamna, na ukiwachemsha hata paka anaomba radhi anaondoka. Akasema kama wewe ndiye bora kwenye bahari ya huku, anaelewa kwa nini tunakula mihogo."

Jeremaia alibaki mdomo wazi. "Aliyasema yote hayo? Mbele ya darasa?"

"Yote."

"Na hakuna aliyesikia!" Mtoto alikuwa ameumia kweli kweli, kama aliyeona keki inaangukia mchangani. "Shangazi, hiyo ya paka ni nzuri sana! Haya mwambie, mwambie na yeye nywele zake..."

"Simwambii," Litiana akasema. "Mimi si redio yako. Una mikono, mwambie mwenyewe."

Jeremaia akatazama mikono yake mbele na nyuma, kana kwamba ameiazima. Akamtambalia binamu yake mpaka kwenye majani ya ukindu, akamwonyesha kidole nywele, akauliza kwa mabega: hizi mnasemaje? Unaisi akamfundisha. Jeremaia akakosea. Unaisi akampiga kofi dogo la kiganja, akamrekebisha. Akakosea tena.

Mzizi wa kava bado ulikuwa chini mbele yangu, nikamkumbusha Litiana kwamba msemaji ana magoti ya binadamu. Kwa desturi anayeupokea ni mkubwa wa nyumba. Litiana alimwita binti yake, akamwonyesha mzizi. Nilitaka kusema haifai, mtoto, tena msichana, nikamtazama Ulamila nikaona afadhali nisiseme. Unaisi akaweka mkono juu ya mzizi kama alivyowaona watu wazima wakifanya. Kwa mkono wa pili akasema jambo.

"Amepokea," Litiana akatuambia. "Na Jumatatu atakuja. Lakini anasema darasa lote liko nyuma, itabidi aanze nalo kuanzia mwanzo."

Jumatatu akaja. Na tangu siku hiyo, kabla ya hesabu, Unaisi husimama mbele ya darasa na Ulamila huketi mkekani pamoja na watoto, akikosea kama wao. Sipendi kusema hivi kuhusu damu yangu, ila mikono ya Ulamila ni mizito, anazungumza kama mtu aliyevaa glavu. Watoto walimpita upesi. Hakuna tena aliyeagizwa kumtania Unaisi wala kutomtania. Ulamila aliwapa sheria moja tu: usimrushie mtu neno ambalo hujajifunza jibu lake. Kwa sheria hiyo kila anayetaka kumtukana alilazimika kwenda kumwuliza Unaisi mwenyewe matusi yanatamkwaje, na akishamwuliza tayari wamekuwa marafiki.

Muhogo wake hauli tena peke yake. Na yeye ni mpwa wa ukoo wa hapa, ana haki zake. Samaki wa Jeremaia, kwa kuwa anatoka jikoni kwa mjomba wake Unaisi, humfikia Jeremaia akiwa amebaki miiba. Jeremaia hulalamika kwa mikono yote miwili, naye humjibu kwa mmoja, kwa kuwa mwingine umeshika samaki.

Unaisi alimpa kila mtu jina la mkono, maana wasiosikia hawapotezi muda kuandika majina hewani, wanatafuta kitu ulicho nacho. Ulamila ni mtu anayesugua kifua: yule anayeoga. Jina langu mimi ni vidole vinavyovuta uzi mrefu kutoka mdomoni, uzi usiokwisha. Maana yake ni msemaji mkuu. Jeremaia ana tafsiri nyingine, msimsikilize.

Msidhani mambo yote yalinyooka. Mchungaji alikuja kulalamika kwamba watoto siku hizi wanatulia mno kanisani, na alipofumbua jicho katikati ya sala akakuta viti viwili vizima vinapiga soga. Na kuna jambo lililowakutanisha wazee jioni nzima. Kwetu kaka na dada wakishaanza kukua hawazungumzi tena moja kwa moja, ni mwiko, neno linapitia kwa mtu wa tatu. Basi mzee mmoja akamfuma mjukuu wake anapiga porojo na dada yake kwa mikono, uani, bila woga. Alipokaripiwa akajibu, "Babu, hatujazungumza. Umesikia sauti yoyote?" Wazee wakanywa kava wakalijadili. Mimi nilisimama nikasema mikono ni ulimi, kwa hiyo mwiko ni mwiko. Wengine wakasema ulimi uko mdomoni. Hatujaamua mpaka leo, ila angalieni tulikofika: wazee wale wale waliomwita bubu sasa wanagombana kama lugha yake ni lugha kiasi cha kuvunja mwiko.

Majuzi Litiana alikuja shuleni kumchukua mapema, kuna shughuli ya ukoo. Mimi nilikuwa barazani napaka rangi ngazi niliyoitengeneza kwa mbao zangu mwenyewe zilizotekwa. Darasani kimya. Litiana akafikiri wanafanya mtihani, akanyata mpaka dirishani.

Hakukuwa na mtihani. Ulamila alikuwa ameitwa ofisini, na darasa lilikuwa linagombana. Watoto wote wamesimama, wamejipanga pande mbili, nyuso zimewaka, mikono inaruka kama upepo umeingia shambani, na hakuna sauti isipokuwa nyayo na pumzi na kicheko cha hapa na pale. Litiana akatazama. Akasogea dirisha la pili, akatazama tena. Akanigeukia.

"Kaka, Unaisi hakuja leo?"

"Kaja. Nimemwona asubuhi, kaniita mwenye uzi."

"Simwoni."

"Hebu mtafute vizuri."

Akarudi dirishani. Zamani ungemjua kwa mbali, ni yule anayepunga mikono. Sasa wanapunga wote. Alimtafuta mwanawe mtoto kwa mtoto, mstari kwa mstari, na nilimwona alipompata, kwa sababu alishika fremu ya dirisha. Mtoto alikuwa katikati kabisa, amebanwa na wenzake, nywele zimesimama, ana kwa ana na Jeremaia.

Litiana akampungia. Unaisi akamwona, akainua kidole kimoja, akasema kitu haraka, akamgeukia Jeremaia.

"Kasemaje?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeelewa karibu yote.

"Anasema nisubiri," Litiana akasema. "Bado hajamjibu."

Akaja akaketi kwenye ngazi yangu, ambayo ilikuwa haijakauka rangi, akasubiri.